Zamu ya Mkwe

Mimi ni mkazi wa mjini. Msicheke. Kwenye karatasi za serikali Kitandililo ni kata ya mji wa Makambako, na umjini wetu huo tunakumbushwa kila wanapotaka kutukataza kitu. Ukichimba choo bila kibali, wewe ni mtu wa mjini uliyevunja sheria. Mbuzi wako akizurura, anakamatwa kama mbuzi wa mjini. Lakini hebu simama barabarani asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye mapaa, utake kwenda kwenye huo mji wenyewe. Hapo ndipo utakapojua kwamba wewe ni mtu wa porini, na mbuzi wako vilevile.

Watu huniambia, "Yaache dada, yameshapita." Hayajapita. Mama yangu anaamka nayo kila siku na kulala nayo, na mimi ndiye ninayemshika mkono kumpeleka chooni. Kwa hiyo nitayasema, na asiyetaka kusikia hasira ya mwanamke afunge ukurasa.

Usafiri wetu ni huu. Kuna Noah moja, gari dogo la abiria, inayopita alfajiri, na haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwake anakujua dereva peke yake. Kuna bajaji, ambazo huja siku za jua tu, na zikifika kwenye kile kilima cha kabla ya shule abiria mnaombwa mshuke msukume, halafu mnapanda tena mkiwa na matope mpaka magotini na dereva anawashukuru. Kuna malori ya mbao, kama una ujasiri wa kukaa juu ya magogo na kumwachia Mungu yaliyobaki. Kuna miguu yako. Na kuna bodaboda.

Mimi nauza kwenye duka la pembejeo karibu na stendi ya Makambako, mbolea na dawa za viazi. Duka linafunguliwa saa mbili. Kwa miaka yote niliyouza hapo nimetoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na tajiri wangu, ambaye si mtu mbaya, kila nikichelewa hunitazama kwa mshangao na kuniuliza, "Wewe si unakaa hapa hapa mjini?" Siku moja nilimjibu, "Ndiyo bosi, hapa hapa, njoo unifuate." Hakurudia kwa wiki nzima.

Sasa nieleze kuhusu kijiwe, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo. Kijiwe chetu cha bodaboda kiko mbele ya mashine ya kusaga. Pikipiki zinapangwa mstari mmoja, na wa mbele ndiye mwenye zamu. Huchagui dereva. Awe mlevi, awe na pikipiki isiyo na taa, ni zamu yake. Bodaboda wa kijiwe kingine akileta mtu kwetu, ashushe, ageuze, aondoke mtupu. Akipakia, watamnyang'anya funguo. Zamani waligombana mpaka mmoja akapasuliwa kichwa kwa spana, ndipo wakaweka hiyo sheria ya foleni, na tangu hapo kuna amani. Siisemi vibaya sheria yao. Vijana wasingekuwa nayo wangeuana. Ila niliona kwa macho yangu siku ambayo amani yao ilimla mama yangu.

Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa taratibu kabla hatujajua ni nini. Tulidhani ni uzee, naye alidhani ni moshi wa jikoni. La kushoto lilikuwa bado linaona, tena vizuri ukilinganisha. Mama ni mchambuaji wa mbegu. Watu wanamletea maharage yao kabla ya msimu, anakaa na ungo barazani, anatoa yaliyotobolewa, yaliyosinyaa, na yale ya rangi nyingine yaliyoingia kwa bahati mbaya, na akikurudishia mbegu yako unajua itaota. Hata watu wa misheni ya Kidugala waliwahi kumletea. Alikuwa akijivunia kazi hiyo, japo Mlutheri wa kweli hatakiwi kujivuna. Alikuwa akisema, "Mungu amenipunguzia mengi, jicho la maharage ameniachia."

Daktari alisema jicho hilo la kushoto lafaa kufanyiwa upasuaji haraka, na likichelewa litafuata njia ya mwenzake, na likishafuata halirudi. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja Njombe, hospitalini, na kuandikisha wagonjwa wa upasuaji kungekuwa asubuhi moja tu. Mwisho saa nne. Nililiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Nikaomba ruhusa kazini. Nikampigia dereva wa Noah siku mbili kabla, nikamwambia nataka siti mbili, za mbele, mgonjwa. Akasema, "Hesabu uko Njombe tayari, mama."

Asubuhi hiyo tuliamka saa kumi. Mama alivaa gauni lake la kanisani, sweta mbili, na kitenge juu. Alikuwa amebeba kikapu cha maharage aliyoyachambua mwenyewe, ya kumpa daktari, kwa sababu mama haendi kwa mtu mikono mitupu hata kama huyo mtu anakwenda kumpasua jicho. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa barabarani. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, na umande ulikuwa umeganda kwenye majani.

Noah ilikuja saa kumi na mbili kasoro. Ilikuja imejaa, wanawake wamefunga vichwa khanga, na ikatupita. Haikusimama. Dereva alitoa mkono dirishani akaupunga kama mtu anayeaga. Nikampigia simu. Akasema gari limekodiwa usiku, kuna msiba Kichiwa, wanawahi kuzika. "Ungenipigia basi!" nikamwambia. "Ningekupigia na nini mama, simu haikuwa na chaji." Ningemwambia nini? Msiba haugombwi. Nikakata simu, nikamshika mama mkono, nikasema twende kijiweni. Mama alisema, "Usiudhike mwanangu, bado mapema." Na kweli ilikuwa bado mapema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kijiweni palikuwa na pikipiki tano zimepangwa, na wenyewe wanaota moto wa maranda. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, mama akaulizwa habari za usiku na za nyumbani na za macho. Nikasema nataka mbili, moja ya mama na moja yangu, mpaka stendi, haraka, tunawahi basi la costa la Njombe. Wakatazamana.

"Wa kwanza nani?" nikauliza.

Pikipiki ya mbele ilikuwa imesimama peke yake, nyekundu, ina plastiki ya mvua kwenye usukani. Nikaitambua. Ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Sisi Wabena tunaoshika mila, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hawatazamani usoni. Hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kusimama kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na kadiri unavyompenda mkweo ndivyo unavyomkimbia. Shemeji yangu alimpenda mama kuliko wakwe wengi wanavyowapenda mama zao. Mchana alikuwa akipakia magogo kwenye malori, na jioni alimkatia kuni na kuziacha nyuma ya nyumba. Alimrekebishia paa siku mama alipokwenda kwenye semina ya akina mama. Na asubuhi ile alipomwona mama anatokea kwenye ukungu, alifanya alichofundishwa na baba yake: alivua kofia, akainama, akapotea.

Alipotea, na zamu ilikuwa yake.

"Basi wa pili atuchukue," nikasema.

Mwenyekiti wa kijiwe, ambaye tulikaa naye dawati moja darasa la tano na nilikuwa namwonyesha hesabu, alikuna kidevu. "Dada, wa kwanza yupo. Pikipiki ile pale."

"Yupo wapi?"

"Yupo. Amejificha tu."

Loo! Nilihisi damu imepanda mpaka kwenye nywele. Nikamkalisha mama kwenye kigoda cha mtu na kikapu chake, nikaenda kumtafuta shemeji. Nilimkuta nyuma ya mashine ya kusaga, amechuchumaa kati ya magunia ya pumba, kofia yake ya mzula ameishika mikononi. Mwanaume mzima, baba wa watoto watatu.

"Shemeji, toka humo."

"Dada, mama ameshaondoka?"

"Aondoke na nini? Zamu ni yako!"

Nilimweleza habari ya hospitali. Hakuwa anajua siku yenyewe. Nilimwona anavyobadilika uso, akasimama, akasema, "Twende, nitampeleka. Mungu atanisamehe." Nikampenda kwa lile neno. Akatoka kinyumenyume, mgongo umeelekea kwa mama, mpaka akaifikia pikipiki yake. Wenzake wakaangalia chini. Hakuna aliyecheka.

Lakini mama alikuwa ameshamwona. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni, amegeukia ukuta wa mashine.

"Mama, panda. Shemeji amekubali."

"Nipande nimshike mkwe wangu kiuno?"

"Hutamshika. Utashika chuma cha nyuma."

"Na mgongo wake nitautazama?"

"Fumba macho!"

Akasema kwa upole ule wake unaonitia wazimu, "Mwanangu, nimeishika heshima hii tangu mdogo wako aolewe. Mtu akilitazama paa langu anaona heshima ya mkwe wangu. Nikipanda naye leo mbele ya watu, atatazamana nao vipi?"

Nikamwambia basi tupande mishikaki, watatu, mimi nikae katikati, mimi na shemeji hatuna mwiko. Mwenyekiti akaingilia, mishikaki ni marufuku kijiweni kwao, trafiki wamewaonya. Nikamwambia mama, jicho, mama, jicho lako. Akasema, "Jicho ni la Mungu." Hapo nililia, kwa hasira, na ninapolia kwa hasira napiga kelele. Niliwaita majina ambayo sitayaandika, kwa sababu mchungaji wetu anajua kusoma.

Shemeji naye akasema, "Nifuteni leo. Nitoeni kwenye foleni. Silali na njaa kwa siku moja."

Mngedhani yameisha, sivyo? Mtu ameacha zamu yake kwa hiari, wa pili achukue. Hamuwajui wanaume wa kwetu. Mwenyekiti akasema kuacha zamu kunahitaji kikao, kwa sababu kuna mmoja alikuwa anaacha zamu kila akiona abiria mnene au safari ya matope, na anaiokota tena akija mwalimu mwembamba. Ndiyo maana waliamua zamu haiachwi ila kwa kikao cha wanachama wote. Na wanachama wote hawakuwepo. Wawili walikuwa wanakunywa chai. Akatumwa mtu akawaite.

Nawaambieni walikaa kikao. Walikaa juu ya magogo, kuna mwenyekiti, kuna katibu mwenye daftari, na kabla ya kuanza mmoja akafungua kwa sala. Mimi nimesimama hapo, mama amegeukia ukuta. Ajenda ya kwanza ilikuwa mahudhurio. Mmoja akataka wajadili kwanza kama mkwe ni sababu ya dharura au ni sababu ya kawaida. Mwingine akasema kwao Ukingani mambo ya mkwe si makali namna hii, wakabishana kuhusu Wakinga na Wabena. Nikasema, "Jamani, saa nne!" Mwenyekiti akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo sijamsamehe, akasema, "Dada, kawia ufike."

Katikati ya kikao alikuja bodaboda wa mjini, amemleta mwalimu. Nilimkimbilia kabla hajageuza. Nikamwambia kwa sauti ndogo atutangulie mpaka kwenye kona ya misindano, tutamfuata kwa miguu, pale hawataona. Akakubali kwa kichwa. Alipowasha tu, wawili walinyanyuka kutoka kwenye magogo na kusimama mbele ya tairi lake. Hawakumpiga. Walimwomba funguo kwa adabu kabisa, na akawapa. Katibu akaongeza ajenda.

Saa tatu kasoro dakika chache wakakubaliana: mkwe ni dharura. Walikuwa wamepiga kura, na wote walikuwa wamekubali tangu mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyepinga! Wangeniuliza, ningewaambia. Wa pili akampakia mama, wa tatu akanipakia mimi, na walitupeleka kwa mwendo ambao sijawahi kuuona, mama amefumba macho na kikapu kifuani. Walikuwa vijana wazuri. Hicho ndicho kinachonishinda kukieleza kwa watu. Hapakuwa na mbaya hata mmoja pale kijiweni.

Pale stendi, costa ilisubiri ijae. Kisha ikasimama kila penye mti na mtu. Tulifika Njombe saa tano kasoro robo. Tulikimbia, kama unaweza kuita kukimbia mwendo wa mama, mpaka kwenye dirisha la kuandikisha. Nesi alikuwa anakunja orodha. Alitusikiliza yote, Noah, msiba, mkwe, kikao. Aliposikia mkwe aliacha kukunja orodha, maana naye ni Mbena. Akaingia ndani kuuliza, akatoka akatikisa kichwa. Orodha imejaa, wengine wamelala hapa tangu jana. Mje bingwa atakaporudi. Lini? Miezi, akasema, watatangaza. Akampa mama chupa ya matone ya macho. Mama alimpa kikapu cha maharage. Nilitaka kumnyang'anya, lakini nesi alikuwa ameshakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti.

Njiani kurudi mama aliniambia nisiwachukie wale vijana. Nikamwambia nitamchukia nimtakaye.

Bingwa alirudi, na mama aliandikishwa, tulilala Njombe tangu jana yake kama wenye akili. Lakini ilikuwa baada ya mvua kuanza, na jicho halikuwa limengoja. Daktari alilimulika, akazima taa yake, akaniambia mimi badala ya kumwambia mama. Mama akasema, "Nimesikia baba, mimi ni kipofu, si kiziwi."

Hasira yangu niliipeleka kila mahali. Niliipeleka kwenye mkutano wa kata, nikasimama, nikauliza mji usio na gari la asubuhi ni mji gani. Nikajibiwa kwamba barabara ya Kitandililo iko kwenye mpango. Watu wakapiga makofi! Waliupigia mpango. Niliipeleka kwa dereva wa Noah, akaniomba radhi akilia, na tangu hapo hataki nikae ila siti ya mbele, jambo lisilonisaidia chochote. Niliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiwe. Aliniambia wamebadilisha sheria, mgonjwa hana foleni, na wameiandika kwenye daftari ukurasa wa kwanza. Nikamwambia akamsomee mama, maana yeye hawezi kuisoma.

Nikaizungusha hivyo mpaka ikabaki sehemu moja ambako sikuwa nimeifikisha.

Mwiko wa mkwe una mlango wa kutokea. Mkwe huja na jembe na kitenge, mama mkwe anapika, wanakaa chumba kimoja mbele ya wazee, wanakula pamoja, wanaombewa, basi. Aibu imeondolewa. Tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana kwa mikono, na hata kupanda pikipiki moja. Shemeji alikuwa na jembe lake tayari. Kitenge alishanunua. Kupanga siku ni kazi ya binti mkubwa, na binti mkubwa ni mimi. Kabla ya asubuhi ile ya Njombe, mdogo wangu alikuwa ameniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia tungoje nipate Jumamosi. Mara ya pili nikasema nikirudi nyumbani ni giza na miguu inauma. Mara ya tatu sikumbuki nilijibu nini, nilikuwa nashuka kwenye bajaji kusukuma.

Ningepanga hiyo siku, asubuhi ile shemeji angempakia mama saa kumi na mbili na dakika kumi, na tungekunywa chai Njombe tukisubiri dirisha lifunguliwe. Haya. Nimelisema.

Baada ya mama kupofuka, shemeji ndiye aliyenijia. Akasema, "Dada, mama anakosa kanisa." Kweli alikuwa anakosa; kanisa liko mbali na njia ni ya mawe. Akasema, "Sasa haoni. Mimi sitasema neno. Mwambie ni bodaboda wa mjini, bubu." Nilikataa siku mbili, ya tatu nikakubali. Jumapili tulimpandisha mama katikati, mimi nyuma nimemshika, na kati yake na mgongo wa shemeji nikaweka mkoba wangu. Mishikaki, ndiyo, na mwenyekiti wa kijiwe alitupita akatazama miti. Mama aliuliza dereva ni nani. Nikamwambia, bubu mmoja wa mjini, kijana mzuri. Akasema, "Mungu ambariki."

Tumekwenda hivyo Jumapili nyingi. Shemeji hasemi, hakohoi hata kwenye baridi. Akifika anasimama kando ameinamisha kichwa mpaka mama aingie ndani, japo mama hamwoni.

Juzi hapa nikamwambia mama nimeamua, tutafanya ile siku ya jembe na kitenge, nimeomba ruhusa kazini. Alikuwa barazani na ungo, anachambua kwa vidole. Bado wanamletea, kwa kumheshimu, na usiku mimi narudia kuchambua asijue, maana anatupa mazima na kuacha yaliyotobolewa. Alifurahi. Akasema ni vizuri, imechelewa lakini ni vizuri, na yule bubu naye tumwalike.

"Bubu gani, mama?"

"Yule anayenuka mbao mbichi. Anayepakia magogo mchana, kama mkwe wangu."

Mikono yake iliendelea kutembea kwenye ungo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ingebidi nishuke," akasema mama. "Siku ile nilishuka kabla sijapanda, mwanangu, na unaona."

Akatupa harage zima chini. Nikaliokota, nikalirudisha kwenye ungo bila kufanya sauti.